Amplifaya Yangu Baada ya Umeme Kurudi
Juzi usiku hapa Ngamiani, Tanga, umeme ulikatika, na uliporejea taa ziling'aa kupita kiasi kwa sekunde chache, kisha amplifaya yangu ya sebuleni ikazimika kabisa. Niliichomoa ukutani na kuiacha hadi asubuhi, kwa sababu kapasita kubwa za ndani huhifadhi chaji hata baada ya umeme kukatwa. Nilipoifungua, nilikuta kioo cha fyuzi kimekuwa cheusi, dalili ya shoti, hivyo kuweka mpya papo hapo kungekuwa kuiunguza bure. (Jirani alinishauri niizungushie fyuzi iliyoungua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nilimshukuru, nikanyamaza.)

Fundi wa mtaani aliweka fyuzi nyingine, lakini kwanza akaunga balbu ya wati 100 kwa mfuatano kwenye waya wa umeme, yaani umeme upite kwenye balbu kabla ya kufika kwenye amplifaya. Balbu ikawaka kwa ukali bila kufifia, kumaanisha shoti ilikuwa bado ipo. Kilichokufa kilikuwa varista, kipande kidogo kinachojitoa mhanga umeme unapozidi ili vingine vipone. Alipoibadilisha, balbu ilimulika mara moja ikafifia. Sasa taarabu inasikika tena, ingawa spika ya kushoto bado inakwaruza.