Sindano za Kichina ambazo mwanangu hakuchomwa

Mwanangu alianza kulia jioni wiki ya tatu tangu azaliwe. Ikifika saa kumi na moja jioni anakunja miguu, anakaza ngumi, uso unaiva, na kilio hakikatiki mpaka saa nne usiku. Ameshiba, amebadilishwa nepi, yuko mikononi mwangu, na bado analia kama anayeumizwa.

Tunaishi Malmö, Sweden. Nilimpigia mama Tanga, akasikia kelele nyuma ya sauti yangu, hakuhitaji maelezo. "Mchango huo wa tumbo, mwanangu. Mpake mvuje." Mvuje nilikuwa nao, shangazi alinifungia kwenye sanduku nilipokuwa nasafiri. Nikampaka tumboni. Chumba kikanukia nyumbani, mtoto akaendelea kulia.

Muuguzi wa kliniki ya watoto alimpima na kumkagua: uzito unapanda, hana homa, hatapiki kijani, choo hakina damu. Akasema ni koliki, kilio cha mtoto mzima wa afya kinachozidi saa 3 kwa siku, siku 3 au zaidi kwa wiki. Hupanda hadi kama wiki ya 6, kisha hushuka, na watoto wengi huwa wametulia wakifikisha miezi 3 au 4. Akanituma niandike kila siku mtoto amelia muda gani. Nilitoka pale na hasira. Nilitaka dawa, nikapewa kalamu.

Dada mmoja wa Mombasa ndiye aliyenieleza habari za sindano za Kichina, yaani akupancha. Mwanawe alichomwa sindano nyembamba mno kati ya kidole gumba na cha shahada, sekunde chache tu, na usiku ule akalala. Nilipiga simu siku hiyohiyo. Nafasi ya karibu ilikuwa baada ya wiki 3.

Katika kusubiri, mimi na baba yake tukasoma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, mwendo mfupi wa treni kutoka kwetu, walichapisha mwaka 2017 utafiti wa watoto 147. Waliwagawa makundi matatu: mawili yalichomwa, la tatu halikuguswa, na wazazi hawakuambiwa mtoto wao yuko lipi. Waliochomwa walipungua kulia zaidi kuliko wasiochomwa. Lakini Norway, mwaka 2013, watoto 90 walijaribiwa na tofauti ya maana haikuonekana. Mwaka 2018 takwimu za watoto 307 kutoka majaribio matatu zikaunganishwa, na hitimisho likawa kwamba sindano zisipendekezwe kwa koliki kwa jumla.

Mimi lililonishika ni lile kundi la tatu la Lund. Nao pia kilio chao kilipungua, bila sindano yoyote.

Nikarudi kwenye daftari langu. Jumatano ya wiki ya 6: saa 5 na dakika 10. Wiki ya 8: saa 3. Siku moja kabla ya miadi: saa 1 na dakika 40. Ningepata nafasi ile wiki ya 6, leo ningekuwa nawaapia watu kwamba ni sindano, na ningeapa kwa moyo safi. Ndiyo maana dada yule simlaumu hata kidogo. Nilipiga simu nikafuta miadi.

Jioni zenyewe lakini zilibidi zipite, na hapo hakuna utafiti wa kukushikia mtoto. Niliacha kunywa maziwa ya ng'ombe wiki moja, huenda yanamsumbua kupitia ziwa langu, sikuona tofauti, nikarudi kwenye chai yangu. Kilichotusaidia ni mbeleko: nilimfunga kifuani kwa kanga, koti juu, tukatembea ufukweni kwenye baridi. Hakunyamaza kila siku, ila mimi nilipata kupumua. Tulibadilishana zamu za nusu saa, asiye na zamu anatoka chumbani kabisa. Usiku mmoja nikiwa peke yangu, nilihisi mikono inatetemeka kwa hasira. Nikamlaza kitandani mwake chali, nikafunga mlango, nikakaa kwenye ngazi dakika kumi nikilia na mimi. Mama uliyeko kwenye hali hiyo sasa hivi, mlaze utoke. Mtoto hafi kwa kulia, lakini kutikiswa kunaweza kumuua.

Daftari linaishia wiki ya 13: "Dakika 20. Alikuwa na njaa."