Nilivyojiandaa kumwona daktari kwa simu kuhusu fangasi za uume

Krimu ndiyo iliyokaribia kuniharibia miadi. Muwasho ulipoanza nilipita duka la dawa, nikapewa tyubu yenye dawa tatu kwa pamoja: ya fangasi, ya bakteria, na steroidi iitwayo betamethasoni. Steroidi hutuliza wekundu na muwasho hata kama fangasi bado zipo, hivyo daktari anayetazama kupitia kamera huona ngozi iliyotulia kuliko ilivyo kweli. Niliacha kupaka mara tu nilipopata miadi, na tyubu nikaiweka mezani ili daktari ajisomee mwenyewe kilichoandikwa. Ukimwambia tu "nilipaka krimu", hujamwambia kitu.

Kisha nikachukua karatasi. Kumtajia mtu asiyekujua mambo ya sehemu za siri ni aibu, na aibu husahaulisha. Niliandika siku dalili zilipoanza, na kama zilikuja ghafla au polepole. Nikaeleza ninachokiona: kichwa cha uume chekundu, vipele vidogo, utando mweupe kama maziwa yaliyoganda ambao ukipanguswa huacha ngozi mbichi. Nikaongeza kama kukojoa kunachoma, na kama ni mkojo unaogusa ngozi iliyochubuka au ni maumivu ya ndani ya njia ya mkojo. Hayo ni mambo mawili tofauti, na la pili humfanya daktari afikirie magonjwa ya zinaa kama kisonono au klamidia. Kuna pia swali la mwenzi, kama naye anawashwa au anatokwa na uchafu. Mwisho ni dawa zote za miezi 2 iliyopita. Antibayotiki huua bakteria wazuri na kuiachia nafasi kandida, yaani fangasi zenyewe. Dawa za kisukari kama dapagliflozini na empagliflozini hutoa sukari kwenye mkojo, na sukari hiyo hulisha fangasi palepale kwenye ngozi.

Picha ndizo zilizonipa kazi. Video ya moja kwa moja mara nyingi hukwamakwama, kwa hiyo picha iliyopigwa vizuri mapema ina thamani kubwa zaidi. Nilipiga saa nne asubuhi, karibu na dirisha, bila flashi: ngozi yenye unyevu ikimulikwa hung'aa na rangi hupotea. Taa ya manjano nayo hudanganya. Niliweka kipande cha karatasi nyeupe pembeni ili daktari apate kipimo cha rangi, maana kwenye ngozi nyeusi wekundu huweza kuonekana kama zambarau au weusi uliokoza. Lenzi ipanguswe kwanza. Simu ikisogezwa karibu mno hupoteza fokasi, kwa hiyo nilikaa umbali wa shubiri moja, kisha nikaikata picha baadaye. Tatu zinatosha: ya mbali kuonyesha eneo lote hadi kwenye mapaja, ya karibu ya kichwa, na ya upande wa chini. Mwenye govi alivute nyuma kwa upole, apige, kisha alirudishe mara moja. Likibanwa nyuma huvimba, na hiyo ni dharura. Wengi wetu Pwani tumetahiriwa, na wapo wanaodhani aliyetahiriwa hapati fangasi. Uwezekano hupungua, lakini haumaliziki.

Kabla ya kupiga nilizima hifadhi ya picha ya mtandaoni, la sivyo zingetokea kwenye tabuleti ya watoto. Uso usionekane. Nilizituma ndani ya programu ya huduma yenyewe, kisha nikazifuta, na kwenye kapu la zilizofutwa pia. Jina la daktari nililitafuta kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya. Kwa nyumba zetu za Majengo, ambako ukuta mmoja ni wa watu wawili, vipokea sauti vya masikioni na feni iliyowashwa vilinisaidia sana kuficha mazungumzo. Aliye na gari na aliegeshe mahali patulivu.

Jambo ambalo ningependa kila mwanaume alichukulie kwa uzito ni sukari. Fangasi zinazorudi mara kwa mara zinaweza kuwa dalili ya kwanza ya kisukari. Nilipima kwa kidole asubuhi, baada ya kukaa muda wa saa 8 bila kula, na nikamtajia daktari namba. Ikiwa milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, kipimo cha maabara kinahitajika kuthibitisha. Kipimo cha VVU pia ni vyema kiwe kimefanywa karibuni.

Yapo ambayo simu haiyawezi: homa, kushindwa kukojoa, govi lililokwama, malengelenge, kidonda kigumu kisichouma, usaha unaotoka ndani. Kwa hayo nenda hospitali siku hiyohiyo.

Tiba niliyopewa ni klotrimazoli ya asilimia 1, safu nyembamba mara 2 kwa siku kwa siku 14, bila kuacha hata muwasho ukiisha siku ya tatu. Wengine hupewa flukonazoli ya miligramu 150, kidonge kimoja. Atumiaye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aseme kabla, kwani flukonazoli huizidishia nguvu na damu inaweza kutoka kupita kiasi. Kuosha ni kwa maji ya vuguvugu pekee, kisha kukausha vizuri. Sabuni na dawa za kuulia vijidudu huchoma ngozi iliyokwisha kuchubuka. Kwa jasho la Kaskazi, nilikuwa nikifika nyumbani navua jinzi na kuvaa kikoi. Na krimu hizi nyingi zina mafuta yanayodhoofisha mpira wa kondomu, kwa hiyo tulisubiri hadi tiba ikaisha.