Kijani Ndiyo Hutangulia Kupotea

Ukihifadhi mnyama aliyekufa kwa maonyesho, rangi yake huweza kubadilika: chura wa kijani akikaa kwenye chupa ya alkoholi hugeuka buluu. Vyura wengi kijani yao ni ya tabaka mbili: chini kuna seli zenye fuwele zinazorudisha mwanga wa buluu, juu yake seli za manjano. Alkoholi huyeyusha ile manjano, na buluu hubaki peke yake. Nyoka wa kijani hupatwa na hayo hayo. Mtazamaji asiyeelezwa hushangaa mnyama huyo alijifichaje kwenye majani! Kwa hiyo mpige picha angali hai, kadi ya rangi ikiwa kando yake, na uandike rangi ya kila sehemu kwenye daftari.

Panzi na vunjajungu huharibiwa na matumbo yao. Yakioza ndani, kijani huwa kahawia. Pasua ngozi laini ya upande wa chini wa tumbo kwa mkasi mdogo, vuta utumbo kwa kibano, pangusa, jaza pamba kidogo kisha kausha haraka penye hewa inayopita. Usishindilie pamba, tumbo hufura na umbo hupotea.

Kereng'ende ana dawa yake: kumtumbukiza kwenye asetoni, kiyeyushi kinachowaka upesi, kwa saa 12 hadi 24. Huondoa maji na mafuta, na rangi hushika vizuri zaidi. Panga miguu na mabawa kabla ya kumtumbukiza, kwani akitoka huwa mkavu wa kuvunjika. Moto usiwe karibu. Ila wale wenye unga wa buluu mwilini usiwatie kabisa: unga ule ni nta, na asetoni huuondoa.

Kipepeo Morpho ni habari nyingine. Buluu yake hutokana na umbo la magamba ya bawa. Likilowa asetoni huonekana kijani, likikauka buluu hurudi. Huyu hustahimili miaka mingi; rangi za kawaida hufifia kwa mwanga, na zikishafifia hazirudi. Kwenye maonyesho usizidishe laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), na zuia miale ya urujuanimno. Hesabu saa pia: laksi 100 kwa saa 4 ni sawa na laksi 50 kwa saa 8.

Kosa linaloniudhi zaidi ni la kumchoma mdudu pini kwenye ubao wa maonyesho. Kipepeo Kallima hufanana na jani kavu upande wa chini wa mabawa tu, naye hutandazwa mabawa kama wengine wote, jani likitazama ubao. Weka wawili: mmoja ametandazwa, mwingine amefumba mabawa, kachomwa pini kwa ubavu.