Sentensi sita tu, jamani

Leo tumemaliza mazoezi ya jioni, dada mmoja wa chuo akatugawia karatasi. Anafanya utafiti: anapima uraibu wa mazoezi kwa vijana.

Tukacheka. Afadhali huo kuliko wa pombe!

Dodoso lenyewe lilitungwa 2004. Sentensi sita, kila moja unajipa alama 1 hadi 5. Ukifikisha 24 kati ya 30, unahesabiwa uko hatarini. Haimaanishi tayari ni mraibu, alisisitiza. Hiyo inahitaji mtaalamu akae na wewe.

Kilichonishangaza, hakuna panapoulizwa unakimbia kilomita ngapi wala unanyanyua kilo ngapi. (Na sisi tulishajiandaa kutamba.) Wanauliza ukikosa mazoezi unakuwaje. Unanuna? Umeshakosana na watu wa nyumbani kwa ajili yake?

Jamaa yetu mmoja, kifundo cha mguu kimefungwa bandeji, alijaza akiwa amesimama. Huku anaandika, ule mguu usio na bandeji unapanda na kushuka kwa vidole.

Alipofika kwenye ile ya kukosana, kalamu ikaganda. Akaniinamia: "Kununiana nako ni kukosana?"

Nikamwambia amuulize mkewe. Hakucheka. Akazungushia 4, akaifuta, akazungushia 3, kisha akairudisha 4.

Mimi nimepata 19. Nimeona aibu kidogo kwamba nilitamani ifike 20, kama vile ni mashindano.

Wenzangu wa mazoezi, nyie siku mkikosa kabisa huwa mnakuwaje? Semeni ukweli, na walio nyumbani kwenu nao wachangie.