Nilivyopima kalsiamu ndani ya seli kwa Fura-2 bila kudanganywa na zinki

Seli ya HeLa (seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara) iliyotulia ina kalsiamu huru ya nanomola 100 hivi, ilhali maji yanayoizunguka yana milimola 1 hadi 2. Kwa tofauti hiyo ya mara elfu kumi na zaidi, seli yenye utando uliotoboka huharibu kipimo papo hapo.

Mimi hutumia Fura-2, rangi inayong'aa na kushika kalsiamu, iliyoelezwa na Grynkiewicz, Poenie na Tsien mwaka 1985. Inamulikwa kwa mwanga wa nanomita 340 na 380 kwa zamu, na mng'ao wake husomwa karibu na 510. Ikishika kalsiamu, mng'ao wa 340 hupanda na ule wa 380 hushuka. Ukigawanya wa kwanza kwa wa pili, unene wa seli na wingi wa rangi havikusumbui tena. Hakikisha tu lenzi ya hadubini inapitisha 340, kwa sababu lenzi nyingi za kawaida huimeza.

Fura-2 yenyewe ina chaji, haipenyi utando. Kwa hiyo tunanunua AM, esta yake (umbo ambalo chaji imefunikwa), ambayo hupenya kisha hukatwa na vimeng'enya vya ndani ya seli. Mikrogramu 50 nayeyusha katika mikrolita 50 za DMSO (kiyeyushi) kavu, napata milimola 1. DMSO iliyonyonya unyevu huikata esta ndani ya kichupa, na dalili yake ni seli kubaki hafifu huku maji yaking'aa.

Nachanganya mikrolita 2 za rangi na mikrolita 2 za Pluronic F-127 ya asilimia 20 (sabuni laini inayosaidia rangi kusambaa majini), kisha naongeza bufa ya Hanks, yaani maji ya chumvi yanayoshikilia pH, hadi mililita 1. Usiweke seramu, maana ina esterasi zake, vimeng'enya vinavyokata esta. Fenoli nyekundu, rangi ya kuonyesha pH, nayo iondoe, inang'aa.

Watu wengi huingiza rangi kwa nyuzi 37. Mimi naona joto la chumba ni bora zaidi: dakika 30 gizani, naosha mara mbili, nasubiri dakika 30 nyingine. Kwenye nyuzi 37, esta hukimbilia mitokondria na retikulamu (ghala la kalsiamu la seli), na esta isiyokatwa hung'aa bila kuijali kalsiamu, kwa hiyo uwiano huonekana mdogo kuliko ulivyo. Kabla ya kupima, tazama picha ya 380. Seli nzuri imejaa mng'ao laini kote. Ukiona nukta au nyuzinyuzi, rangi imeingia kwenye viungo vya seli; anza na sahani nyingine. Mng'ao ukififia katika mawimbi yote mawili, rangi inavuja, na probenesidi ya milimola 1, dawa inayozuia seli kuitoa rangi nje, husaidia. Huyeyushwa kwanza kwa NaOH, kwa hiyo rudisha pH kwenye 7.4.

Mwishoni nasawazisha kipimo kwenye seli zilezile: ionomaisini mikromola 5 (hupitisha kalsiamu kwenye utando) pamoja na kalsiamu milimola 10 inatoa Rmax, uwiano wa juu kabisa, kisha bufa isiyo na kalsiamu yenye EGTA milimola 10 (kemikali inayokamata kalsiamu) inatoa Rmin, uwiano wa chini kabisa. EGTA ikishika kalsiamu hutoa asidi, hivyo bufa iwe na nguvu. Ondoa mng'ao wa mandharinyuma katika kila wimbi kabla ya kugawanya, kamwe si baada. Kalsiamu ni Kd × β × (R − Rmin)/(Rmax − R), ambapo R ni uwiano uliopimwa, Kd ni kiwango cha kalsiamu kinachojaza nusu ya rangi (kikiwa kidogo, mshiko ni mkali), na β ni mng'ao wa 380 bila kalsiamu ukigawanywa kwa ule wa 380 kalsiamu ikijaa. Kd ya nanomola 224 ni ya nyuzi 37. Kwenye baridi hushuka, usiibebe kila mahali.

Zinki ndiyo inayohitaji macho zaidi. Fura-2 huishika kwa nguvu kuliko kalsiamu, kwa Kd ya nanomola chache, na uwiano hupanda vilevile. Kwa hiyo ukimwagia seli kemikali inayofungua zinki kutoka kwenye protini, kama vioksidishaji, mchoro utafanana kabisa na wimbi la kalsiamu. Hapo naongeza TPEN, kemikali inayokamata metali. Hupenya utando na kuikamata zinki, lakini huishika kalsiamu kwa unyonge, Kd ya mikromola 40 hivi, kwa hiyo nanomola 100 za saitosoli (majimaji ya ndani ya seli) haziguswi. Uwiano ukianguka ghafla, ulikuwa unapima zinki. Nakomea mikromola 20 na kwa dakika chache tu, kwa sababu kalsiamu ya retikulamu ni nyingi kiasi kwamba TPEN ikizidi huipunguza pia, na seli zikikaa nayo kwa saa nyingi hufa.