Nywele Zangu na Maji ya Tabata

Watu wakiona nywele zangu siku hizi, swali ni lilelile: "Dada, unapaka mafuta gani?" Nikiwajibu waniulize kwanza naoshea maji gani, wanaona nawabania siri.

Ninakaa Tabata, Dar es Salaam, na nyumba tuliyopanga ina kisima cha maji ya chumvi. Ya kunywa tunanunua. Sasa ya kuoshea kichwa nani anunue? Nikawa naoshea hayohayo. Shampuu haitoi povu la maana, nywele zikikauka zinabaki na utando mweupe, ukizigusa zinakatika. Nikaongeza mafuta. Nikapata nywele ngumu zenye mafuta, na foronya zikaharibika juu yake.

Kusema kweli nilikuwa sizijui nywele zenyewe. Shuleni tulinyolewa, kama wasichana wengi wa shule za serikali, na nilipomaliza kidato cha nne nilisubiri tu zishikike, nikakimbilia saluni kutiwa dawa ya kunyoosha nywele. Zile dawa nyingi zina sodiamu haidroksaidi, kitu kikali kweli. Inavunja viungo vya ndani vinavyoupa unywele mkunjo wake, na vikishavunjika havijiungi tena. Ila zinazoota chini zinaota na mkunjo wake vilevile, kwa hiyo unarudi kila mara kufanya ritachi. Kichwa kikianza kuwaka, msusi anakwambia, "Vumilia dada, bado hazijalala." Miaka ile nilivumilia sana. Za pembeni hazikuvumilia, zikaisha.

Mwishowe nilikwenda kwa kinyozi wa kiume, jirani na kituo cha daladala. Akashika mashine, akaniangalia kwenye kioo: "Zote?" Zote. Mama aliponiona hakusalimia hata, aliuliza, "Mwanangu, unaumwa?"

Zilizoota zilinishangaza. Kisogoni ni kipilipili cha kubana hasa, utosini zina mizunguko mikubwa inayoingia kidole. Kichwa kimoja, tabia mbili. Zilikwenda vizuri zikiwa fupi, zilipoanza kurefuka ndipo ule ukavu nilioueleza ukaanza.

Aliyeniambia ukweli ni mama mmoja anayesuka kibarazani mtaani kwetu, asiye na hata draya. Alipitisha chanuo, akaacha, akanusa vidole vyake. "Kichwa chako hakina ubaya, mwanangu. Ni maji yenu yale. Wateja wangu wote wa upande ule wako hivihivi." Nilikuwa nimeshajaza kabati kwa makopo ya Kariakoo!

Maji ya visima vingi huku yana kalsiamu na magnesiamu nyingi, ambazo zinaganda kwenye unywele na kuuzuia unyevu usiingie vizuri. Kwa hiyo sasa ya kisima natumia kulowesha na kuondoa uchafu wa mwanzo tu. Shampuu, kondishena na suuza ya mwisho ni maji ya bomba ninayonunua kwa dumu la lita 20, na dumu moja linatosha ukijibana. Mara mojamoja kabla ya suuza natia siki kidogo kwenye jagi la maji, inasaidia kuondoa ule ugandaji. Masika, Machi mpaka Mei, sinunui chochote: naiacha mvua ya mwanzo ioshe bati, kisha natega ndoo.

Mafuta yanakuja baadaye, na yanapakwa nywele zikiwa bado mbichi, kwa sababu kazi yake ni kuufungia unyevu uliopo. Mafuta peke yake hayalowanishi kitu. Natumia ya nazi, nachemsha tui mwenyewe mpaka mafuta yajitenge. Ya nyonyo ni mazito, napaka nchani tu, la sivyo vumbi lote la barabarani linahamia kichwani. Kuchana naanzia nchani kupanda juu. Nikitaka zinyooke kidogo nafunga uzi usiku, ule uzi mweusi wa kina bibi. Kuzipiga draya kwa hewa ya Dar ni kupoteza umeme: ukishuka kwenye daladala zimeshajikunja. Zangu nikizivuta zinafika begani, nikiziachia zinasimama masikioni, na nimeacha kugombana nazo.

Wale wanaosema kukaa bila dawa ni rahisi na bure, sijui wanaishi wapi. Jumamosi yangu nzima inaishia kichwani. Saluni moja Sinza walinitajia bei ya juu eti kwa sababu "hazina dawa." Nilikasirika, halafu nikafikiria: kuchambua kichwa hiki mkono unauma kweli. Nililipa, ila nikamwomba dada asiziite ngumu mbele yangu.

Kitu ambacho bado kinanishinda ni bodaboda. Kofia ya abiria imevaliwa na mji mzima, ina jasho la watu nisiowajua, na inazilaza zote upande mmoja. Natembea na kitambaa cha satini kwenye pochi, nakivaa kwanza ndipo navaa kofia. Madereva wanacheka. Wacheke tu, tufike.