Sauti ya keekee

Ramadhani ya mwaka 2019 iliangukia masika, na ua wetu pale Tanga ulikuwa utelezi mtupu. Nilikuwa natoka jikoni na sufuria ya uji wa futari. Nikateleza, nikajikinga kwa kiganja cha kulia. Niliponyanyuka, kifundo cha mkono kilikuwa kimepinda mfano wa mgongo wa uma.

Hospitali waliuvuta mfupa ukakaa, wakanifunga plasta. Siku ya kumi, picha ya pili ikaonyesha umeshuka tena humo humo ndani. Ncha ya mfupa mkubwa, ule wa upande wa kidole gumba, ilikuwa imelalia nyuma, na ufa umefika hadi kwenye kiungo.

"Dada, tukiuacha hivi utaunga, lakini utaunga kombo," daktari akasema. "Kugeuza kiganja kutakuwa tabu."

Mama alitaka twende kwa mzee anayeunga mifupa. Mimi nilifikiria mbuzi ya nazi. Kukuna nazi ni kifundo hicho hicho, kinageuka, kinageuka. Nikatia saini nipasuliwe.

Sikulazwa usingizi. Walinichoma sindano ya ganzi kwapani, mkono ukawa mzito kama gogo, wakaufunga mpira wa kubana damu, wakaniwekea pazia la kijani. Walipasua upande wa kiganja, jirani na pale wanapopapasa mapigo. Sikusikia maumivu. Kisha keekee ya kutobolea mfupa ikaanza.

Marehemu baba alikuwa seremala. Nimekulia chini ya meza yake ya kazi nikikusanya maranda, na sauti ile naijua: inalia juu inapoanza kuuma mti, inashuka inapozama, inanyamaza. Hapo baba hupuliza unga, hunyoosha mkono nimpe skrubu. Nyuma ya pazia daktari naye akaomba skrubu, akataja urefu wake. Machozi yakanitoka.

Nesi akaniinamia. "Unaumia, dada?"

Nikatikisa kichwa. Nilikuwa nahesabu. Tundu saba, skrubu saba, kwenye bamba dogo la titani lisilozidi urefu wa kidole changu.

Usiku, ganzi ilipoisha, ndipo nilipolia kwa maumivu hasa. Asubuhi, mkono umevimba, nikaambiwa nianze kukunja vidole.

Mwezi wa tisa nikakaa juu ya mbuzi. Mama akavuta kigoda karibu, asiseme neno. Kizio cha kwanza nilikikuna hadi nyama ikaisha. Cha pili nikampa yeye.